Ndege Asiyejenga Kwetu

Bwawa letu la samaki lilichimbwa kwa mdomo kabla ya kuchimbwa kwa jembe, na mdomo wenyewe ulikuwa wangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Au tuseme najisifu kidogo, kwa kipimo cha haki.

Nilizaliwa Keumbu, kando ya barabara, nyuma ya kibanda ambamo mama aliwauzia ndizi wasafiri wa kwenda Kisii. Huko mtoto hujua kuhesabu chenji kabla hajajua kusali, na huihesabu tena kabla gari halijaondoka. Nilipoolewa upande wa Nyaramba, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikwenda na sanduku moja, jembe moja na tabia hiyo. Mkungu wa ndizi niliuhesabu chane nikiupokea shambani, nikauhesabu tena nikiufikisha sokoni. Wakwe zangu walicheka: kwani ndizi huzaa njiani? Niliwajibu kwamba hazizai, ila hupungua, na zinapopungua huwa na miguu ya watu.

Mume wangu alikuwa kibarua katika mashamba ya chai Kericho, kama wanaume wengi wa mlima ule. Nyumbani nilibaki na baba yake na bibi yake. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijaolewa. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kunyooka kama rula, na shamba lake alilipanga vivyo hivyo: chai mteremkoni, ndizi kulizunguka boma, mahindi na wimbi katikati. Bondeni tu ndiko mpango wake ulikokwama. Kulikuwa na kipande cha matope ambapo ng'ombe akiingia hutolewa kwa kamba, na juu kidogo ya matope kulikuwa na kisima. Baba mkwe aliamua kupanda blugamu, ile mikaratusi, hapo. Blugamu hukua upesi na hutoa nguzo zinazonunuliwa.

Mimi nilikuwa nimeona Keumbu blugamu inavyofanya. Ukiipanda karibu na chemchemi, inakunywa, inakunywa, mpaka siku moja unakuta chura amekaa juu ya jiwe kavu akikuuliza maji yamekwenda wapi. Na kichwa kilichobeba debe kutoka kisima kile kilikuwa changu, si chake. Kisima kikikauka, maji yangekuwa ng'ambo ya mlima wa pili.

Lakini mke wa mwana hamwendei baba mkwe akamwambia amekosea. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayotia umbali kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Sikuingia nyumbani kwake. Sikuketi karibu naye, sikumkazia macho, na mzaha kati yetu ulikuwa mwiko kabisa. Nashukuru waliotunga sheria hiyo waliacha mlango wa nyuma, na mlango huo ni bibi. Magokoro, tulivyomwita mama yake baba mkwe, angeweza kutaniwa na kutania apendavyo. Hakuwa na jino hata moja la mbele, na ulimi uliokosa uzio ulikwenda ulikotaka.

Kwa hiyo biashara yote kati yangu na baba mkwe, niliyemwita Tata, yaani baba, ilipita kwake. Yeye aliketi kwenye kigoda, uso ukielekea ghala. Mimi nilisimama nje ya ua. Magokoro alikaa katikati, ungo wa wimbi mapajani. Baba mkwe alinisikia vizuri, lakini hakujibu mpaka maneno yangu yarudiwe na mama yake, na mama yake aliyarudia kwa namna yake.

"Magokoro, mwambie Tata blugamu itakunywa kisima."

"Anasema miti yako ina kiu kama wajomba zako," bibi akamwambia mwanawe.

"Mwambie bonde ni langu na kisima ni cha Mungu."

"Umesikia, mke wa mjukuu wangu. Mungu kapewa maji, yeye kabaki na matope."

"Basi Magokoro, mwambie matope hayo hayo yanaweza kufuga samaki. Bwana wa mifugo alisema hivyo pale sokoni. Ngege, wenye magamba. Maandiko hayawakatazi."

Hapo nilimsikia baba mkwe akikohoa. Kambare, asiye na magamba, hakuingia katika boma lile. Lakini ngege kutoka ziwani aliingia, mkavu na wa bei, Ijumaa mchana ili chakula cha Sabato kiwe tayari. Mtu anayenunua kitu kila wiki humpigii hotuba ndefu. Unamwambia tu anaweza kukipata bondeni kwake.

Tulipatana hivi: bwawa lingechimbwa chini ya kisima. Likilisha boma, litabaki. Likishindwa, litafukiwa na blugamu itapandwa mpaka ukingoni mwa kisima. Nikakubali, kwa sababu sikuona litashindwaje. Vifaranga vya samaki vililetwa ndani ya mkebe, nikavihesabu vikimiminwa, nikashindwa kurudia kuvihesabu kwa kuwa havikutulia. Hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza maishani mwangu niliyoipokea kwa hesabu moja, na labda ndiyo maana iliniletea taabu.

Ndege alikuja wimbi likiwa limeshaanikwa na kuwekwa ghalani, mvua za vuli zikianza. Nilikuwa nateka maji. Kivuli kilipita juu ya bwawa, nikatazama juu nikidhani ni mwewe wa kuku. Hakuwa yeye. Alikuwa mkubwa zaidi, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na mstari mweusi umekata jichoni hadi shingoni kama mtu aliyejifunga kitambaa asitambuliwe. Akasimama hewani, mabawa yakipiga papo hapo, shingo imeinama, kama mnunuzi anayesita mbele ya meza ya nyanya. Niliwahi kuona wanunuzi wa aina hiyo. Hawasemi neno, lakini wakichagua wamechagua. Akajitupa miguu mbele, maji yakaruka, akazama karibu mabega, akatoka na ngege. Alipokuwa akipaa alimgeuza samaki kichwa kielekee mbele, amtazamishe waendako, kama abiria aliyelipa nauli.

Akatua ng'ambo ya kijito, kwenye tawi kavu la mti uliopigwa radi. Akala.

Kuanzia siku hiyo tawi lile likawa lake, na baba mkwe akawa na adui.

Alifunga mikebe kwenye kamba ili ipigane kwa upepo. Ndege aliisikiliza, akazoea. Alisimika kijiti na kukivalisha koti lake kuukuu la kanisani, na kofia juu. Ndege hakuliogopa, ila wapita njia wa mteremko wa pili waliliamkia koti lile, na mmoja alilalamika sokoni kwamba mzee siku hizi ana kiburi, haitikii salamu. Baba mkwe alikaa bondeni mwenyewe na manati, mtu mzima, mzee wa kanisa. Ndege akamtazama kutoka kwenye tawi, akangoja Jumamosi. Jumamosi sote tulikuwa kanisani, na bwawa halikuwa na mlinzi ila Mungu, ambaye hakumfukuza.

"Hata Sabato anavua!" baba mkwe alilalamika.

"Labda ni Mkatoliki," Magokoro akasema.

"Magokoro, mwambie Tata Jumapili pia yuko kazini. Nimemwona."

Baba mkwe hakucheka. Alisema ngege wanakwisha, na bwawa likiisha samaki mapatano yetu anayajua kila mtu. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu kwa dhati. Nilimwambia kupitia bibi kwamba ndege yule hula mmoja asubuhi, pengine mmoja jioni, na siku ya upepo hutoka mikono mitupu kwa sababu maji yakikunjamana haoni. Samaki mle bwawani walikuwa wanazaana kuliko anavyokula. Lakini hesabu ya mwanamke aliye nje ya ua haina uzito mbele ya ndege anayeonekana na watu wote akipaa na kitoweo chako.

Baba mkwe alifikiri kama mlinzi wa amani: mwizi ana nyumba, na ukiipata nyumba umempata mwizi. Ndege anayevua hivyo, alisema, ana makinda. Tuvunje kiota, atahama.

Kiota kilipatikana siku hiyo hiyo, kwa sababu kilikuwa hakijajificha. Juu ya kijito, katika mkuyu, kulikuwa na rundo la vijiti kubwa kuliko kapu la kubebea kuku, lina paa na mlango wa matope upande mmoja. Ndege mkubwa, kiota kikubwa. Watu wote walikubaliana. Baba mkwe akatwaa mwanzi mrefu, akaita wachuma chai wake wawili, wakateremka. Nami nikachukua debe. Hakuna anayemwuliza mwanamke mwenye debe anakwenda wapi.

Alikidunga kiota kwa mwanzi mara ya kwanza. Vijiti kadhaa vikaanguka, na ndani wakatoka ndege wawili wakipiga kelele kama watu waliofumaniwa: wadogo, wa kahawia tupu, vichwa kama nyundo. Fundichuma. Wale wanaotembea kwenye matope polepole wakitafuta vyura, wasiomdhuru mtu, ila wazee husema avunjaye nyumba yao hupatwa na balaa. Ng'ambo, juu ya tawi kavu, mla samaki wetu alikuwa ameshika ngege chini ya mguu mmoja, akitazama mzee wa kanisa akivunja nyumba ya watu wengine. Sitasema alifurahi. Nasema hakuacha kula.

Magokoro alikuwa ameteremka na fimbo yake, akatufikia akihema.

"Umegusa nyumba ya fundichuma?" alimwuliza mwanawe. "Wewe? Niliyekuzaa?"

"Hayo ni ya zamani, mama. Sisi ni watu wa Kitabu."

"Basi dunga tena."

Baba mkwe alitazama mwanzi, akatazama kiota, akatazama wachuma chai waliokuwa wameshasogea nyuma. Akasema mwanzi umepinda. Tukapanda mlima kimya kimya, ila Magokoro, ambaye alicheka mpaka mahindini.

Siku ile ile nilitumia nafasi. Unapomwona mnunuzi ameaibika, usimcheke. Mpunguzie bei.

"Magokoro, mwambie Tata ndege yule hana kiota hapa. Nimemtazama tangu aje. Mtu mwenye watoto nyumbani hali kitoweo sokoni akamaliza. Hufunga kitu kwenye jani. Huyu hula kichwa, hula mkia, halafu huruka chini na kuburuta miguu majini kuiosha. Hana mtu wa kumpelekea."

Baba mkwe aliuegemeza mwanzi ghalani. Alikuwa mtu mwadilifu, na hoja ikiingia hakuitoa kwa fimbo.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuja nyumbani Jumapili iliyofuata. Tulimpeleka kuona. Akasimama bondeni, viatu vyake vya ualimu vikimezwa na tope, akasema anamjua ndege huyo kutoka kitabu cha shule. Anaitwa mwewe wa samaki. Kwao ni Ulaya, kaskazini, kwenye baridi na maziwa. Huko ndiko anakojenga, juu kabisa ya mti mrefu, na kila mwaka anarudi kwenye kiota kile kile na kuongeza vijiti, mpaka kiota kinakuwa kama kitanda. Baridi ya huko ikianza, huja huku kutafuta samaki. Kwenye mwezi wa tatu au wa nne anaondoka kwenda kuzaa.

"Anakula huku, anajenga kwao?" Magokoro akauliza.

"Ndiyo, Magokoro."

"Na hana mke huku?"

"Hana."

"Basi mnashangaa nini? Ni kibarua wa Kericho."

Tulicheka sote isipokuwa baba mkwe, na nilijua kwa nini. Yeye mwenyewe alikuwa amechuma chai Kericho ujana wake wote. Alilala kambini, akala cha kambini, na hakuweka hata msumari mmoja kule. Kila alichopata alikileta mlimani kwake. Bati la kwanza katika kijiji kile lilikuwa lake. Kwetu mtu akila huko na kujenga huko huko, watu hulitaja jina lake kwa sauti ya chini, kama la marehemu. Lakini anayehangaika mbali na kujenga kwao ni mtu kamili. Baba mkwe alimtazama ndege yule kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama bila manati.

"Mwambie," alisema hatimaye, "kibarua huondoka mkataba wake ukiisha. Huyu ataondoka lini?"

Hapo nilipaswa kusema "tutaona." Kila mchuuzi anajua: usiuze usichokishika mkononi. Lakini nilikuwa na maneno ya mwalimu, na bei ilikuwa nzuri.

"Mwambie Tata, palizi ya kwanza ya mahindi haitaisha kabla ndege hajaenda zake."

"Na ikiisha naye bado yuko?"

"Apande blugamu yake."

Magokoro alinitazama kama mtu aliyeona debe likidondoka. Lakini neno lilikuwa limeshavuka ua.

Tulipanda mahindi. Mvua kubwa zikaja. Mahindi yakachipua, magugu yakachipua zaidi, na mimi nikawa mtu wa kwanza katika historia ya mlima ule kuombea magugu yasiishe. Nilipalilia polepole kama bibi harusi anayeingia kanisani. Asubuhi moja niliwaona wengine. Walipita juu sana, mmoja, kisha baada ya kitambo mwingine, mabawa yamekunjika kidogo katikati, wanafuata bonde kuelekea kaskazini bila kupiga kona. Nikageuka kutazama ng'ambo ya kijito. Wa kwetu alikuwa kwenye tawi lake. Aliinua kichwa, akawasindikiza kwa jicho, mmoja, kisha mwingine. Kisha akashuka akavua ngege.

Palizi ikaisha. Hata mwanamke wa Keumbu hawezi kupalilia shamba lisilo na majani. Kesho yake baba mkwe alirudi na miche ya blugamu, imefungwa kwa maganda ya migomba, akaipanga kivulini karibu na kisima. Hakusema nimeshindwa. Alimwambia mama yake tu:

"Mwambie miche haipendi kungoja."

Niliketi jikoni kwangu. Sikulia, kwa kuwa kulia hakushushi bei. Nilikwenda bondeni, nikamtazama yule ndege kama unavyoitazama bidhaa iliyokataliwa, ukitafuta kasoro hasa iko wapi. Nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona tangu mwanzo bila kukihesabu. Wale waliopita juu siwezi kuwasemea, lakini huyu mgongo wake haukuwa wa kahawia tupu. Kila unyoya ulikuwa na ncha nyeupe, kama mtu aliyepita jikoni akanyunyiziwa unga. Mtu mwenye mgongo kama huo nilikuwa namjua: kifaranga wa kuku, kabla hajapata manyoya ya ukubwani.

Nikamtumia shemeji habari kupitia mtoto wa jirani aliyesoma kwake: akiazime kile kitabu, na asirudi bila kitabu chenyewe. Alikuja kwa baiskeli, kitabu ndani ya shati kwa ajili ya mvua, na uso wa mtu anayedaiwa. Alisimama kati ya kigoda na ua, pale mahali pa Magokoro, akasoma na kutufasiria. Mwewe wa samaki aliyeanguliwa mwaka ule, akija huku mara ya kwanza, harudi pamoja na wakubwa. Hubaki huku mwaka mzima na zaidi, mpaka apevuke. Na manyoya ya mgongo wa mchanga yana ncha nyeupe.

"Mbona hukusema hayo siku ile?" baba mkwe akamwuliza mwanawe.

"Yako ukurasa wa pili, Tata. Mimi nilikuwa nakumbuka wa kwanza."

"Kumbe ni mvulana!" Magokoro akapiga ungo kofi, wimbi likaruka. "Mwanangu, unamfukuza mvulana arudi kwake. Kwake wapi? Hajatahiriwa. Hana saiga."

Saiga ni kibanda cha kijana. Mvulana kwetu hulala jikoni kwa mama yake mpaka atahiriwe. Akishapona ndipo hujengewa kibanda chake bomani, na kuanzia hapo ana mahali ambapo watu wanaweza kumwambia "nenda kwako." Kabla ya hapo, ukimwambia mvulana aende kwake, umemtukana mama yake.

Baba mkwe alizungusha fimbo yake mchangani. Nilijua anakubali, na nilijua pia kwamba kukubali hakutoshi. Mapatano yalikuwa mapatano: palizi imeisha, ndege yupo. Mtu mwadilifu akikuachia bure leo, kesho hataamini neno lako. Ilinibidi nilipe kitu.

"Magokoro, mwambie Tata amenishinda kwa haki. Miche isife. Ile bustani yangu ya viazi vitamu, kule juu karibu na njia, naitoa. Apande blugamu kule, mbali na maji. Bwawa lipewe mpaka palizi ya mwaka ujao. Ndege akiwa bado hajaondoka, nitashika jembe mimi mwenyewe kulifukia."

Bustani ile ndiyo pekee niliyopewa siku nilipoolewa. Magokoro hakuongeza mzaha. Aliyarudia maneno yangu kama yalivyokuwa, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Mwambie viazi avichimbe kwanza," baba mkwe akajibu.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Blugamu ilishika kule juu, nami nikanunua viazi sokoni kama mgeni. Ngege tulikula karibu kila Ijumaa. Mvulana naye alikula wake, na siku mume wangu aliporudi kutoka Kericho na kumwona kwenye tawi, aliuliza huyu ni nani. Magokoro akamwambia ni mdogo wake, anakaa tu, bado hajaenda kazini. Baba mkwe aliishusha mikebe. Koti alilitoa, akalipiga pasi, akalivaa kanisani. Na alianza kuteremka bondeni mara kwa mara "kuangalia maji," ingawa maji hayakuwa na tatizo lolote.

Ncha nyeupe zilikwisha moja moja, kama unga unaopukutika. Vuli ilipita. Tulipanda. Mahindi yakachipua na mara hii nilipalilia kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu nilikuwa nimelipa na sikuwa na deni la hofu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ila kila nilipokwenda kuteka maji, nilitazama tawi kabla ya kisima.

Tulikuwa tumefika nusu ya shamba nilipoteremka kuteka maji, mvua imekatika, bonde linatoa mvuke. Nikatazama tawi. Nikahesabu: hakuna. Nikatua debe, nikatazama mti wote kutoka chini hadi juu, na mkuyu wa fundichuma, na anga yote juu ya mlima wa pili. Nikahesabu tena. Hakuna.

Nilipopanda, baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, na Magokoro alikuwa amesinzia na ungo. Nilisimama nje ya ua nisijue nipitishe habari kwa nani. Ndipo yeye mwenyewe, bila kugeuza uso kutoka ghala, akasema:

"Mokamwana." Mke wa mwana. "Amekwenda kujenga?"

"Amekwenda, Tata."

"Hakuaga."

"Kibarua gani huaga?" Magokoro akasema, macho bado yamefumba.

Hakuna aliyezungumza tena juu ya kufukia. Mti uliopigwa radi ulikuwa kuni nzuri, kavu, zinazoshika moto hata kwenye mvua, na watu waliuomba. Baba mkwe aliwaambia mti ule una mwenyewe.

Wimbi la mwaka ule lilikuwa limeshaingia ghalani, na mimi nilikuwa narudi kutoka sokoni Nyaramba na kapu tupu, nilipomkuta Magokoro njiani ananingoja. Mwanawe ananiita bondeni, alisema. Niliteremka nikidhani kisima kimepatwa na jambo. Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye tuta la bwawa, mgongo kwangu kama ilivyotakiwa, nami nikasimama mbali kama ilivyotakiwa. Magokoro akajitia katikati yetu akihema.

"Mwambie," baba mkwe akasema, akinyoosha fimbo ng'ambo, "mtu wake amerudi."

Kwenye tawi kavu alikuwapo. Mgongo wa kahawia tupu, hakuna unga hata chembe, na ngege chini ya mguu. Siwezi kuapa kwamba ni yule yule. Ndege hawana kipande cha utambulisho. Lakini mgeni hatui kwenye kiti cha mwenye nyumba bila kutazama huku na huku, na huyu hakutazama.

"Magokoro, mwambie Tata nimemwona."

Bibi alifungua mdomo, lakini hakuwahi. Mzee wa kanisa, mtu wa chinsoni, ambaye hakuwahi kunitania tangu niingie bomani kwake na hakunitania tena mpaka tulipomzika, alisema kwa sauti yake mwenyewe:

"Mwambie ahesabu mara ya pili."

Magokoro alishika mdomo kwa aibu. Mimi nikatazama chini, kama inavyotakiwa, kisha nikatazama tawi, nikahesabu tena.